Tangi la Kioo na Mto Kagera: Historia Fupi ya Mbolea ya Majini

Ukiingia duka la pembejeo, iwe Ngara au Biharamulo, utakutana na majina yale yale: Urea, DAP, CAN, NPK, Minjingu. Sasa tuseme nyumbani una tangi la kioo lenye samaki wachache wa mapambo na mimea iliyopandwa kwenye mchanga, na majani yameanza kuwa ya njano. Je, uchote kijiko kimoja cha mbolea ya shambani ukamwagie humo? Subiri kwanza. Jibu lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa, juu ya maji ya Mto Kagera.

Tuanzie Ujerumani, karne ya 19. Carl Sprengel, na baada yake Justus von Liebig, walieleza kwamba ukuaji wa mmea hupangwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Ni kama kupika ugali: uwe na debe zima la unga, kama maji ni kikombe kimoja, ugali wako utakuwa wa kikombe kimoja tu. Wakulima walilipokea wazo hilo mapema. Kwa upande wa maji, ubishi uliendelea zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo, Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja waliweka kaboni na naitrojeni. Upande wa pili waliweka hivyo hivyo, wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani kwa mwani, na picha iliyopigwa kutoka angani ikawa maarufu duniani. Yaani katika ziwa lile, mwani ulikuwa unasubiri fosforasi.

Wafugaji wa samaki wa mapambo nao walikuwa na swali hilo hilo. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin walichapisha maelezo ya mchanganyiko wa bei nafuu wa chumvi kavu: potasiamu naitreti, potasiamu salfeti, magnesiamu salfeti, na madini madogo kama chuma. Fosfeti waliiacha makusudi. Hoja yao ilikuwa kwamba mimea ikipata vingine vyote, itakula fosforasi yote inayotoka kwenye chakula cha samaki, na mwani utakosa. Baadaye wengine, akiwemo Tom Barr, walipinga: tangi lenye mimea mingi yenye afya linaweza kupewa fosfeti bila kujaa mwani. Mjadala huo haujaisha, ila wengi wanakubali kwamba mimea ikiwa dhaifu, mwani hupata nafasi.

Miaka hiyo hiyo ya 1990, sisi tulikuwa na tangi letu kubwa mno. Gugu maji, mmea wa Amerika Kusini wenye maua ya zambarau, lilisambazwa duniani kama pambo la mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limefika Ziwa Victoria, na moja ya njia zake kuu ilikuwa Mto Kagera, kutoka Rwanda, kupitia maporomoko ya Rusumo wilayani Ngara. Lilikuta maji yenye virutubisho vya kutosha: udongo uliomomonyoka, majitaka ya miji, hata jivu na vumbi la mapori na mashamba yanayochomwa, ambalo hupanda angani na kuangukia ziwani. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000. Mitumbwi ilikwama na mialo ikafungwa.

Dawa iliyosaidia ni mbawakavu wadogo wa jamii ya fukusi, kutoka huko huko Amerika Kusini. Uganda iliwaachia mwishoni mwa 1995. Kenya na Tanzania zikafuata mwaka 1997. Mawingu na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo yanatajwa kuwa yalichangia. Gugu lilipungua sana, lakini virutubisho vilibaki majini, ndiyo maana hurudi.

Turudi dukani. Urea ikiyeyuka na kuoza majini hutoa amonia, nayo huua samaki. DAP na CAN zina amoniamu, kwa hiyo ziache shambani. Minjingu, fosfeti inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi. Kwenye maji ya kawaida itakaa chini kama mchanga. Tafuta potasiamu naitreti ya umwagiliaji wa matone, ambayo mfuko wake huandikwa 13-0-46. Kwa lita 100 za maji, gramu 1.6 huongeza miligramu 10 za naitreti kwa kila lita. Potasiamu fosfeti inahitajika kidogo zaidi: gramu 0.14 zinatosha kuongeza miligramu 1 ya fosfeti kwa lita.

Kabla ya kupima, angalia majani. Yakiwa ya njano yale ya zamani, huenda naitrojeni imepungua. Yakipauka machanga, shuku chuma kwanza. Ongeza kimoja, subiri wiki moja au mbili, kisha uamue tena.

Na siku ukipunguza mimea, ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha ifukie shambani. Maji ya zamani mwagilia migomba. Usitupe chochote mtoni wala kwenye mfereji unaoelekea mtoni, kwa sababu gugu maji nalo lilianza safari yake kama ua la bwawani kwa mtu.