Mwongozo wa kuchagua makao ya mwanafunzi Bungoma na Kitale

KILA mwaka kati ya Agosti na Septemba, vijana waliopata nafasi katika vyuo vya magharibi mwa Kenya hushuka katika vituo vya matatu vya Bungoma na Kitale wakiwa na masanduku, magodoro na barua za kuwaita chuoni. Kuhusu kozi watakayosomea, wameshauriwa na walimu na wazazi kwa muda mrefu. Kuhusu mahali watakapolala, aghalabu hawajaambiwa lolote.

Upungufu huo una gharama. Mwanafunzi aliyepanga chumba kibaya hupoteza amana yake, hukosa masomo ya jioni kwa kuhofia njia, au hutumia pesa za chakula kulipia nauli. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Chanzo cha uhaba

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini alipewa chumba na chakula kwa gharama ya serikali, pamoja na posho iliyojulikana kama ‘boom’. Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka na bajeti kupunguzwa, mzigo huo ulihamishiwa mwanafunzi na mzazi wake. Vyuo vipya vilivyofuata havikujengewa mabweni ya kuwatosha wote.

Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho kando ya barabara ya kutoka Bungoma kuelekea Chwele, ni mfano mzuri. Kilianza kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro mwaka wa 2011, kisha kikapata hati ya kujitegemea mwaka wa 2015. Katika muda huo mfupi, mashamba yaliyokuwa ya mahindi na miwa yaligeuka ploti za kukodisha. Bungoma pia kuna chuo cha Sang’alo na tawi la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC). Kitale nako kuna Chuo cha Kitaifa cha Kiufundi pamoja na tawi la KMTC. Wanafunzi hawa wote hushindania vyumba na walimu, wauguzi, wafanyabiashara na makarani wa kaunti.

Bwenini au nje?

Bweni la chuo lina faida tatu kubwa: liko karibu na madarasa na maktaba, lina walinzi, na malipo yake hufanywa kwa muhula bila bili za maji na stima. Kasoro zake ni msongamano, kelele, na kanuni ambazo kwa kawaida haziruhusu kupika chumbani. Isitoshe, chuo kinapofungwa kwa sababu ya mgomo au ghasia, wakazi wa bweni hutakiwa kuondoka mara moja, hata asiye na nauli.

Chumba cha nje humpa mwanafunzi uhuru wa kupika na kusoma apendavyo. Lakini uhuru huo huja na madeni yasiyosubiri. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kutokana na janga la korona, waliopanga nje walijikuta wakidaiwa kodi ya vyumba ambavyo hawakulala ndani yake.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyeujua mji, ushauri wa busara ni kuomba bweni mapema, walau kwa muhula mmoja. Muda huo humwezesha kuijua mitaa na kuwauliza waliomtangulia, kisha aamue.

Hesabu kamili ya kodi

Kosa la kwanza la wapangaji wapya ni kulinganisha kodi pekee. Tuchukue mfano: chumba kilicho mbali kinakodishwa Sh3,000 kwa mwezi, na cha karibu Sh4,500. Ikiwa aliye mbali atalipa bodaboda Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, kwa siku 22 za masomo atatumia Sh2,200. Chumba cha ‘bei nafuu’ sasa kimefika Sh5,200, kikimshinda cha karibu kwa Sh700, kabla ya kuhesabu uchovu na mvua.

Hesabu ya pili ni ya likizo. Mwaka wa masomo una takriban miezi minane ya darasani, ilhali kodi ni ya miezi 12. Kwa chumba cha Sh4,000, tofauti ni kati ya Sh32,000 na Sh48,000. Ni vyema kuafikiana na mwenye nyumba mapema: je, wakati wa likizo ndefu mpangaji atalipa kodi kamili, nusu, au atahamisha vyombo vyake?

Hesabu ya tatu ni ya wakati. Pesa za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hutolewa kwa muhula na mara nyingi huchelewa, ilhali kodi hudaiwa kila mwezi, kwa kawaida kufikia tarehe tano. Anayetegemea mkopo anapaswa kuwa na akiba ya kodi ya mwezi mmoja au miwili tangu mwanzo. Pesa za HELB zikiingia, alipie kodi ya muhula kwanza kabla ya jambo jingine.

Umbali, njia na usalama

Chumba kikaguliwe mara mbili: mchana na jioni. Mchana utaona kuta, paa na choo. Jioni utajua iwapo njia ina taa, iwapo kuna baa inayopiga muziki hadi usiku wa manane, na iwapo lango hufungwa. Tembea kwa miguu kutoka darasani hadi mlangoni ukiwa na saa mkononi. Maelezo ya wakala kwamba ni ‘dakika tano tu’ hayatoshi.

Kwa wanafunzi wa KMTC, jambo hili lina uzito zaidi. Mafunzo ya wodini huwa na zamu za usiku, na anayetoka kazini usiku hapaswi kuvuka mtaa wa giza peke yake. Wasichana wanaosoma Kibabii vilevile wanashauriwa kuchunguza njia za vichochoro kati ya ploti na lango la chuo, hasa wakati mahindi yanapokuwa marefu na kuziba upeo wa macho.

Mitaa ya bei nafuu, kama Mashambani na Mandizini mjini Bungoma au Kipsongo na Tuwan mjini Kitale, haifanani kutoka ploti moja hadi nyingine. Usiukatae wala kuukubali mtaa kwa jina lake. Waulize wapangaji wa ploti yenyewe, mzee wa mtaa, na mama muuza mboga aliye langoni. Kuuliza si ujinga.

Maji, stima na hewa

Kampuni ya Maji ya Nzoia imehudumia miji ya eneo hili kwa miaka mingi, lakini si kila ploti imeunganishwa. Uliza: maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Kuna tangi? Kisima kiko umbali gani na shimo la choo? Fungua mfereji mwenyewe badala ya kutosheka na kuuona ukutani.

Kuhusu stima, bora ni mita ya tokeni ya chumba chako. Penye mita moja ya ploti nzima, ugomvi ni wa kila mwezi: mwenye taa moja hulipa sawa na mwenye jiko la umeme.

Hali ya hewa nayo izingatiwe. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Usiku wa Kitale ni baridi, na hapa ndipo penye hatari isiyoonekana. Jiko la makaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuwaua waliolala. Makaa yasilazwe chumbani hata kama yanaonekana kufifia. Chumba kiwe na dirisha linalofunguka, na blanketi nzito ndiyo iwe kinga ya baridi.

Dirisha hilo lina kazi nyingine. Katika mkasa wa Shule ya Kyanguli, Machakos, mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliangamia bwenini; mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Ploti nyingi za wanafunzi zina vyuma vya aina hiyo kwa kuhofia wezi. Kabla ya kupanga ghorofa ya juu, uliza kama kuna ngazi ya pili na ni nani huweka ufunguo wa lango usiku.

Matapeli wa vyumba

Msimu wa wanafunzi wapya ni msimu wa walaghai. Hutuma picha za chumba kizuri, hudai kwamba watu wengi wanakitaka, kisha huomba ‘ada ya kukihifadhi’ kwa M-Pesa. Kanuni ni moja: usitume pesa kwa chumba ambacho hujakiingia. Hakikisha pia kwamba anayepokea pesa ni mwenye nyumba au msimamizi anayetambuliwa na wapangaji wengine. Ikiwa ni lazima utoke mbali, fika siku mbili mapema na ulale kwa jamaa au mwanafunzi unayemfahamu.

Mkataba na sheria

Mali bila daftari hupotea bila habari. Omba mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, unaotaja kodi, amana, masharti ya kurejeshewa amana hiyo, notisi ya kuhama, na nani hutengeneza kilichoharibika. Siku ya kuingia, piga picha za kuta, kufuli, vioo na sinki. Hifadhi kila risiti na kila ujumbe wa malipo.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, huwalinda wapangaji wa makazi ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa nyumba kama hiyo hawezi kufurushwa bila amri ya jopo la mizozo ya kodi. Kiwango hicho ni cha zamani, na vyumba vingi vya wanafunzi sasa vimekivuka. Kwa hivyo, mkataba ndio ngao kuu ya aliye juu yake.

Pasipo mkataba unaotaja muda, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyo fupi kuliko kipindi cha malipo. Anayelipa kila mwezi, basi, hutoa na hupewa notisi ya mwezi mmoja. Anayenyimwa amana yake bila sababu aanze na barua kwa mwenye nyumba na ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi nchini mwaka wa 2021, husikiza madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni, na mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili.

Mwenzi wa chumba

Kugawana chumba hupunguza gharama, lakini urafiki hautoshi. Kubalianeni mapema kuhusu wageni, usafi, chakula, saa za kusoma na kelele. Majina ya wote yawe kwenye mkataba. Likiwa moja tu, mwenzako akihama katikati ya muhula, deni lote litakuwa la aliyetia sahihi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Jumla ya kodi, nauli, maji, stima na taka ni kiasi gani kwa mwezi?
- Nani hasa ndiye mwenye nyumba, na wapangaji wa sasa wanasemaje kumhusu?
- Lango hufungwa saa ngapi, na nitapitia wapi moto ukizuka?
- Amana itarejeshwa lini na kwa masharti gani?
- HELB ikichelewa mwezi mmoja, mwenye nyumba atanivumilia?

Mzazi naye afike kukiona chumba angalau mara moja, aisalimie ploti na kuchukua nambari ya simu ya msimamizi. Mwenye nyumba anayejua kwamba mpangaji wake ana wazazi wanaofuatilia huwa mwangalifu zaidi anapodai kodi na anaporejesha amana.