Mwajiri, Mkulima na Hospitali: Historia Fupi ya Bima ya Matibabu Ituri

Makala haya yanauliza: katika Ituri, nani hulipiwa matibabu, na kwa msingi gani? Jibu huanzia machimboni. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Machimbo yalihitaji vibarua wenye nguvu; hivyo tiba ilifuata kazi. Sheria za kazi za mwaka 1967 na 2002 ziliendeleza msingi huo: mwajiri ndiye agharimiaye matibabu ya mfanyakazi na familia yake. Nao mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ulioanzishwa mwaka 1961, ulishughulikia uzee, ajali za kazini na posho za familia, si maradhi ya kawaida.

Mkulima wa Djugu, mvuvi wa Ziwa Albert na mchuuzi wa sokoni Bunia hawana mwajiri. Wao hujilipia.

Tiba iliyopendekezwa ni vyama vya kusaidiana, vilivyotungiwa sheria mwaka 2017. Hata hivyo, mpango wa Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, ulioanza mwaka 1986, una funzo: wanachama walitoa mchango sawa, ilhali waliokaa mbali na hospitali waliitumia kwa nadra zaidi. Huku Ituri, ambako hospitali ya Nyankunde iliporwa na kuharibiwa vitani Septemba 2002, umbali haupimwi kwa kilomita pekee. Anayepanga bima hapa hana budi kuuliza kwanza hospitali iko wapi, na njia ya kuifikia ni salama kiasi gani.