Hofu ya mkojo mweusi, kutoka Bosongo hadi leo

Waingereza walipojenga boma mwaka 1907 mahali ulipo sasa mji wa Kisii, wenyeji walipaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Januari 1908 Mgusii aitwaye Otenyo akamchoma mkuki afisa wa boma hilo, Geoffrey Northcote, naye akapona. Mkuki huo ndio unaosimuliwa hadi leo. Lakini kote Afrika Mashariki, maafisa na wamishonari wa enzi hiyo walikuwa na hofu nyingine, na hiyo iliwangoja msalani.

Ni homa ya mkojo mweusi. Malaria huvunja chembechembe nyekundu za damu. Zikivunjika nyingi kwa mpigo mmoja, rangi yake huchujwa na figo, na mgonjwa hukojoa kitu kinachofanana na strungi iliyokolea. Figo zikishindwa, mkojo hukatika kabisa, na siku hizo wengi hawakuponea hapo. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyeuchunguza ugonjwa huu Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, aliilaumu dawa yenyewe ya malaria, kwinini. Wenzake wakabishana naye miaka na mikaka. Ilivyokuja kuonekana, ugonjwa ulimwandama hasa mtu asiye na kinga ya malaria, anayemeza kwinini leo na kuiacha kesho. Klorokwini ilipoishika nafasi ya kwinini, kufikia miaka ya 1950, ukawa adimu.

Wasio na kinga hawakuwa wageni peke yao. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya kaunti jirani ya Nyamira imepanda zaidi. Baridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo mtu wa milimani hakomazwi na malaria kama jirani yake wa ufuoni mwa Ziwa Victoria. Baada ya masika homa hupanda mlima na kuwalaza wakubwa kwa wadogo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko usiosahaulika.

Kufikia wakati huo klorokwini ilikuwa imechoka. Dawa zikabadilishwa, na mojawapo iliyoingia Kenya, Lapdap, iliondolewa sokoni mwaka 2008: ilivunja damu ya watu waliopungukiwa na kimeng'enya cha G6PD. Swali la Koch, dawa au vimelea, likafufuka baada ya miaka mia moja.

Hata hivyo, si kila rangi ya mkojo ni homa hiyo. Mchuma chai wa Kebirigo anayekojoa manjano iliyoiva jioni anahitaji maji tu, na mgonjwa wa kifua kikuu asishtuke akiona rangi ya chungwa, ni rifampisini. Mkojo wa kahawia pamoja na macho ya manjano waweza kuwa ini. Ila ukiwa mweusi na mwili una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umtajie daktari kila tembe uliyonunua dukani.