Ndege Kongwe na Amana ya Abiria



Ikiwa umewahi kusafiri safari ndefu kwa ndege, na hasa kwa nauli ile ya chini, bila shaka unakijua kiti ninachotaka kukizungumzia. Ni kiti cha katikati, huku bega na kule bega. Magoti yamegusa mgongo wa kiti cha mbele, miguu imevimba, na usiku hauishi. Taa ya kusomea haiwaki. Katika mkono wa kiti kimo bado kijisahani cha majivu ya sigara, ingawa uvutaji ulikwisha katazwa zamani, na kwa kijisahani hicho unatambua kuwa ndege hii imekula miaka mingi. Kitu fulani kinalia chini ya sakafu. Mzee aliye kando yako anavuta tasbihi.

Katika hali hiyo mwanadamu hujiuliza: Je, chombo hiki kizee kitanifikisha? Ni swali la haki. Lakini tukiitazama historia tutaona kwamba liko swali jingine lililo zito zaidi: Je, watu waliokabidhiwa chombo hiki ni waaminifu?

KITI CHA NAFUU KILIVYOANZA

Katika miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuvuka bahari kwa ndege kulikuwa kwa matajiri na wakubwa wa serikali. Mwaka 1952 mashirika yaliyokuwa yakivuka Atlantiki yalianzisha nauli ya watalii, na mwezi wa Aprili 1958 yakaanzisha daraja la kawaida, lililokuwa nafuu zaidi. Lakini yakaingiwa na hofu kwamba hata wenye fedha wangekimbilia viti vya nyuma! Kwa hiyo yakapatana kuwa abiria wa daraja hilo wapewe sandwichi tu. Shirika la nchi za Skandinavia lilipozipamba sandwichi zake mpaka zikafanana na karamu, wenzake walilishitaki. Tazama jinsi mwanadamu anavyoweza kugombana juu ya kipande cha mkate.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ndege ya jeti aina ya Boeing 707 ilianza kubeba abiria baina ya New York na Paris, na mwaka 1959 ikafuata DC-8. Kwetu sisi, shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 na baadaye kumilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania, lilipata ndege zake za Super VC10 kuanzia mwaka 1966. Ndege hizo zilikwenda mpaka London, hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977.

Kwa Waislamu neema hii ilikuwa kubwa. Safari ya Hija ambayo babu zetu waliisafiri kwa majahazi na meli, wakikaa njiani kwa majuma mengi, ikawa ya saa chache. Hata hivyo msimu wa Hija ni mfupi, na hakuna shirika liwezalo kununua ndege kwa ajili ya majuma machache ya mwaka. Ikawa desturi kukodi. Tena mwezi wa Januari 1970 Boeing 747 ilipoanza kazi, mashirika makubwa yalianza kuziuza zile 707 na DC-8 zao, na nyingi zikaangukia mikononi mwa makampuni madogo ya kukodisha. Hivyo ndivyo mahujaji wengi wa Afrika na Asia walivyokwenda Jidda: kwa viti vilivyosongamana, ndani ya ndege ambazo wengine walikwisha zichoka.

Je, uzee ndio kosa? La. Ndege inayokaguliwa sawasawa, sehemu kwa sehemu, huweza kuruka kwa miaka mingi bila ya dhara. Hebu tuyatazame matukio matatu, kisha tupime wenyewe.

CHUMA KILICHOACHWA NJIANI

Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways ilikuwa Addis Ababa, katika safari ya kutoka Nairobi kwenda London. Ndani yake walikuwamo watu 107. Ilipokuwa ikikimbia ili iruke, gurudumu lake la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichoachwa juu ya njia na ndege nyingine ndogo. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama, lakini breki hazikushika kama ilivyopasa, na uchunguzi ulionyesha kuwa zilikuwa zimefungwa vibaya zilipotengenezwa. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka na kuwaka moto. Watu 43 walikufa.

Ndege hiyo haikuwa nzee, ndugu msomaji. Ilikuwa na miaka michache tu. Kilichoiua ni kipande cha chuma ambacho mtu angeweza kukiokota kwa mkono mmoja, na kazi ya fundi ambayo hakuna aliyeirudia kuitazama. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Wengi wetu huidharau sehemu hiyo kwa kuwa imetajwa mwisho. Waliofiwa Addis Ababa wanaujua uzito wake.

UFA ULIONYAMAZIWA

Tukio la pili ni la ndege iliyokuwa nzee kweli, ingawa safari zake zilikuwa fupi. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa ikiruka katika visiwa vya Hawaii. Ilikuwa na umri wa miaka 19, lakini umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Kila inapopanda juu, hewa hujazwa ndani na mwili wake hutanuka, inaposhuka, hunywea. Ndege ile ilikwisha ruka zaidi ya mara 89,000, katika hewa ya bahari yenye chumvi. Ikiwa angani, paa la sehemu ya mbele likang'oka lote. Marubani walifanikiwa kuiteremsha, na kati ya watu 95 alipotea mmoja, mhudumu wa ndege aliyekuwa amesimama kazini.

Baadaye uchunguzi ulibainisha jambo la kushangaza. Abiria mmoja, alipokuwa akipanda, aliuona ufa karibu na mlango. Hakumwambia mtu.

Tusimlaumu haraka. Bila shaka alijisemea kuwa wenye ndege wanajua zaidi kuliko yeye. Ni mara ngapi nasi tumeuona ufa, katika basi, katika ukuta wa madrasa, katika hesabu za chama, tukajisemea hivyo hivyo?

UPEPO ULIODANGANYWA

Tukio la tatu ndilo zito kuliko yote. Tarehe 11 Julai 1991, mwishoni mwa mwezi wa Dhulhijja, mahujaji wa Nijeria walipanda ndege Jidda kurudi kwao Sokoto. Walikwisha tufu, walikwisha simama Arafa, na katika mizigo yao yalikuwamo maji ya Zamzam. Ndege ilikuwa DC-8 iliyoundwa mwaka 1968, mali ya kampuni ya Kanada iliyoitwa Nationair, nayo ilikodiwa pamoja na wafanyakazi wake kwa kazi ya Hija.

Matairi yake mawili yalikuwa na upepo pungufu, na mafundi walilijua jambo hilo tangu siku kadhaa nyuma. Fundi mkuu alitaka yajazwe kabla ya safari. Lakini kazi hiyo ingechukua muda, na ratiba ilikuwa imekwisha chelewa. Aliyesimamia shughuli ile, ambaye hakuwa na ujuzi wa kuamua mambo kama hayo, akataka ndege iende hivyo hivyo. Na katika karatasi za ukaguzi, namba za upepo ziligeuzwa zionekane kuwa ni sawa.

Tairi lenye upepo mdogo lilimtupia mzigo mwenzake. Mwenzake akaelemewa, akapata moto, akapasuka. Kisha na lile la kwanza likapasuka. Gurudumu likaburuzwa juu ya njia mpaka moto ukawaka, na marubani, wasijue, wakalikunja na kuliingiza ndani ya tumbo la ndege pamoja na moto wake. Ndege ile haikuwa na chombo cha kutambua moto mahali hapo. Marubani walijitahidi kuirudisha, na dakika kama kumi tu tangu kuruka, ilianguka karibu na uwanja. Abiria 247 na wafanyakazi 14, wote walikufa. Miongoni mwa wafanyakazi hao walikuwamo mafundi wenyewe. Kampuni yenyewe ilikufa mwaka 1993.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sasa pima, ndugu yangu. DC-8 ile ilikuwa na miaka 23, lakini haikuuawa na miaka hiyo. Matairi hayakuwa kitu cha ghali, na dawa yake ilikuwa ni kuyajaza upepo tu. Qur'ani Tukufu ina sura nzima yenye jina la wale wanaopunja vipimo. Sisi tukiisoma hufikiri habari ya muuza mchele sokoni na mizani yake. Lakini mtu anayeandika namba ya uongo katika karatasi ya ukaguzi naye amepunja kipimo, na aliyempunja ni hujaji aliyefunga mkanda wake na kufumba macho.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wapo watakaosema: ilikuwa kadari. Naam, ajali haitangui wala haikawii. Lakini kisa cha bedui na ngamia wake twakijua sote, na twajua kipi kilitangulia: kumfunga ngamia au kutawakali. Kuitaja kadari ili kumficha mzembe ni kumsingizia Mwenyezi Mungu kwa kosa la mja.

Na tusidhani kuwa maneno haya ni ya mafundi wa ndege peke yao. Dereva wa basi la usiku anajua hali ya breki zake. Mwenye duka la dawa anajua tarehe iliyoandikwa juu ya chupa. Nahodha anajua idadi ya watu aliowapakia. Wanaokusanya fedha za mahujaji wanajua wamekodi ndege ya nani, na kwa nini ilikuwa rahisi kuliko nyingine. Nyuma ya kila mmoja wao amekaa mtu katika kiti cha nafuu, asiyeweza kushuka chini ya bawa akalipima tairi mwenyewe.

Basi ukipanda tena ndege kongwe, omba dua ya safari, na umwombee yule usiyemwona, aliyekuwa usiku kucha chini ya ndege na tochi mkononi. Ukiuona ufa, sema, hata kama watakucheka. Na siku kipimo kitakapokuwa mkononi mwako wewe, na mkubwa wako akakwambia wakati umekwisha, iandike namba uliyoiona.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalinde wasafiri wa nchi kavu, wa baharini na wa angani, na atujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zetu. Amin.