Mtoto Mtukutu, au Mtoto Anayehitaji Kupimwa?

(Muziki wa kipindi. Ushuke polepole.)

Popote ulipo, iwe ni Kariandusi, Gilgil, Elementaita au Nakuru mjini, sogea karibu na redio yako. Leo tunazungumzia hali ambayo wazazi wengi huiita utundu, walimu huiita uzembe, na majirani huiita kukosa adabu. Madaktari huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Tutafuata historia yake, kwa sababu wengi wetu tunaogopa kupimwa akili, na woga huo una chanzo chake.

Kwanza tuelewane. Kila mtoto huruka, husahau na hukatiza maneno ya wakubwa. Huo si ugonjwa. Mwenye ADHD hufanya hivyo kuliko wenzake wa rika lake, siku nenda siku rudi, nyumbani na shuleni, hata masomo na urafiki wake vikaharibika. Anaanza hesabu na haimalizi. Anatumwa chumvi dukani anarudi bila chumvi na bila pesa. Wengine hawaruki kabisa. Hukaa kimya dirishani, mawazo yako mbali. Hawa wa kimya, na wengi wao ni wasichana, ndio wanaosahaulika zaidi. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba hali hii huwapata takriban watoto 5 katika kila 100.

Je, ni ugonjwa mpya ulioletwa na televisheni na simu? La. Mwaka wa 1902, daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, alisimama mbele ya madaktari wenzake jijini London akawaeleza juu ya watoto wenye akili nzuri ambao hawakuweza kujizuia wala kutulia. Alieleza hali hiyo kama kasoro ya kujitawala kimaadili. Angalia basi: tangu mwanzo, hata madaktari waliliona jambo hili kama la tabia mbaya.

Mwaka wa 1937, daktari wa Marekani aitwaye Charles Bradley aligundua jambo bila kulitarajia. Alikuwa akitibu watoto wenye matatizo ya tabia, na baadhi yao walipata maumivu ya kichwa baada ya kupimwa. Akawapa dawa ya kuchangamsha mwili iitwayo Benzedrine. Maumivu hayakupungua sana, lakini walimu walishangaa kuona watoto wametulia na wanasoma. Akaijaribu kwa watoto 30, na karibu nusu yao wakabadilika sana katika masomo. Mwaka wa 1944 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilitengeneza methilfenideti, ambayo ilianza kuuzwa miaka ya 1950 kwa jina la Ritalin na inatumika hadi leo kwa maagizo ya daktari.

Jina la hali yenyewe limebadilika mara nyingi. Mwaka wa 1968 madaktari wa akili wa Marekani waliandika katika kitabu chao cha magonjwa kwamba ni utukutu wa utotoni. Mwaka wa 1980 wakakiri kwamba shida kubwa ni umakini, na kwamba mtoto anaweza kuwa nayo bila kurukaruka. Jina la ADHD lilikuja mwaka wa 1987. Mwaka wa 2013 walieleza wazi zaidi jinsi ya kuitambua kwa watu wazima.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi nyumbani. Kama umetembelea makumbusho ya Kariandusi, umeona shoka za mawe ambazo Louis Leakey na wenzake walianza kuzichimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Zilichongwa na watu wa kale, nyingine kwa obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Dunia ikajifunza kwamba katika bonde letu binadamu walitumia akili na mikono yao miaka mamia ya maelfu iliyopita.

Lakini wakati huohuo, Nairobi, madaktari wa kikoloni walikuwa wakitafuta kuonyesha kwamba akili ya Mwafrika ni ndogo. Katika miaka ya 1930, H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya Mathari, alipima vichwa na akili za Waafrika. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo za maiti. Walidai Mwafrika ana upungufu wa kuzaliwa, na madai hayo yakatumiwa kuuliza kama kuna faida kumpa elimu. Mwaka wa 1938 Mathari ilichukuliwa na J. C. Carothers, daktari ambaye wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alidai kwamba Waafrika hawaitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akawalinganisha na Wazungu waliokatwa sehemu hiyo kwa upasuaji.

Madai hayo yalikataliwa na wataalamu waliofuata. Lakini uchungu ulibaki. Mzazi akiambiwa leo, "Mpeleke mtoto akapimwe akili," moyo wake hushtuka. Anafikiria Mathari, anafikiria kuandikwa mwendawazimu, anafikiria mlango wa shule kufungwa.

Msikilizaji, tofauti ni hii. Carothers alihukumu bara zima kwa pamoja. Uchunguzi wa kweli humtazama mtu mmoja, humsikiliza, na humlinganisha na wenzake wa umri na mazingira yake. Na lengo lake ni kumfungulia mlango, si kumfungia.

Serikali ya Kenya huru ilianza kujenga njia hiyo polepole. Mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmark, Wizara ya Elimu ilianzisha vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC. Mwaka wa 1986 ikaanzisha taasisi ya KISE, Kasarani, kuwafunza walimu wa watoto hao. Mwaka wa 2001 kiboko kikapigwa marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia marufuku hiyo. Elimu ya bure iliporudi Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka katika shule za msingi. Ilikuwa heri kubwa, lakini madarasa yalijaa hata mwalimu asiweze kumtambua yule anayeota ndoto za mchana pale nyuma.

Bado tunasema samaki mkunje angali mbichi, kisha tunachukua fimbo. Lakini fimbo haiongezi umakini. Mtoto wa hali hii akipigwa kila siku hujifunza jambo moja tu, kwamba yeye ni mbaya. Wengi huacha shule mapema, na mzazi hajui sababu.

Mazingira nayo yana uzito. Mwaka wa 2008 watafiti walichapisha matokeo kuhusu wanaume wa jamii ya Ariaal, kaskazini mwa Kenya. Walichunguza aina moja ya jeni ambayo tafiti za kwingineko ziliihusisha na ADHD. Miongoni mwa wafugaji wanaohamahama, wenye jeni hiyo walikuwa na lishe bora kuliko wenzao. Miongoni mwa waliokwisha kukaa mahali pamoja, wenye jeni hiyohiyo walikuwa wamekonda zaidi. Utafiti mmoja hauthibitishi kila kitu, lakini unatukumbusha kwamba mtu anayeshindwa kukaa kwenye dawati si mtu asiyefaa.

(Muziki mfupi.)

Je, unapimwaje? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Kipimo ni mazungumzo marefu na maswali. Daktari wa akili au mwanasaikolojia atataka kujua kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja. Akiwa mtukutu shuleni tu, huenda shida iko shuleni.

Kabla ya hapo, mtoto apimwe masikio na macho. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Kuna kifafa cha kimya ambacho humfanya mtoto akodoe macho kwa sekunde chache, na mwalimu akadhani anapuuza. Ukosefu wa damu, njaa, kukosa usingizi, na huzuni ya kufiwa huvuruga umakini pia. Mweleze daktari kama aliwahi kuugua malaria kali ya kichwani.

Beba kijitabu cha kliniki, ripoti za shule, madaftari yake, na barua ya mwalimu wa darasa. Anza kwa mwalimu huyo, kisha uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kituo cha EARC kilipo. Kwa upande wa matibabu, anza hospitali ya Gilgil, uombe barua ya rufaa kwenda Nakuru ikihitajika. Uliza mapema gharama, na kama bima yako ya SHA itasaidia.

Na wewe mtu mzima? Hali hii haiishi utotoni kwa kila mtu. Kama umebadilisha kazi mara nyingi, unasahau madeni na miadi, na ulikuwa hivyo tangu shule ya msingi, unaweza kupimwa. Mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani na watafiti wenzake walitoa dodoso la watu wazima. Dodoso huashiria tu. Daktari ndiye anayeamua. Nenda na mama, dada mkubwa au yeyote aliyekujua ukiwa mtoto, maana uchunguzi huu hutegemea kumbukumbu.

Ukipatikana na ADHD, msaada upo. Mtoto akae mbele darasani, apewe kazi fupifupi, asifiwe anapomaliza. Wazazi hufundishwa namna ya kumwongoza. Wengine hupewa dawa. Usinunue dawa hizi kiholela wala kumpa mtoto ya jirani.

Msikilizaji, waliopima akili zetu zamani hawakutuuliza habari zetu. Safari hii wewe ndiye utakayeisimulia habari ya mtoto wako, na daktari ataandika. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.

(Muziki upande, kisha uishe.)

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtoto asiyetulia huitwa majina gani? Majina hayo humfanya ajione vipi?
2. Ni mambo gani mengine yanayoweza kumfanya mtoto akose umakini darasani?
3. Mzazi akiogopa kumpeleka mtoto kupimwa, tutamwambia nini?