Nyinyoro si yungiyungi
Mvua ya masika ikianza, nyinyoro huchomoza ua jekundu la mviringo katika misitu ya upande wa Ngong. Wanafunzi wangu hapa Nairobi huliita yungiyungi. Sivyo! Yungiyungi huota majini. Nyinyoro hutoka kwenye tunguu lililolala ardhini kiangazi chote. Wanabotania huiita Scadoxus multiflorus, na baadhi yao waliwahi kuihesabu katika jamii ya lili. Waliotafsiri Biblia ya 1952 walilijua jina hili, wakalitumia katika Wimbo Ulio Bora badala ya shoshana ya Kiebrania.  Mzazi, mwonyeshe mwanao nyinyoro, umtajie jina. Ila asiitie kinywani: ina sumu.