Mitambo ya upepo yenye mhimili wima: Faida na kasoro zake

MTAMBO wa upepo unaofahamika na wengi nchini Kenya ni ule wenye mlingoti mrefu na mapanga matatu yanayozunguka mfano wa feni. Ndio uliosimikwa katika milima ya Ngong, Kaunti ya Kajiado, na pia Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, ambako mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310 iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018.

Hata hivyo, ipo aina ya pili ambayo hutangaziwa zaidi wenye nyumba, shule na mashamba. Huu ni mtambo wenye mhimili wima. Mhimili wake husimama kama nguzo, nayo mapanga huizunguka nguzo hiyo.

Wauzaji huusifu kwamba hauna kelele, hauhitaji mlingoti mrefu na hufanya kazi hata juu ya paa. Baadhi ya sifa hizo ni za kweli. Nyingine zimemwacha mnunuzi na chuma kinachozunguka bila kuwasha hata taa.

Asili yake

Vinu vya aina hii si vigeni duniani. Katika mji wa Nashtifan, kaskazini mashariki mwa Iran, vinu vya udongo na mbao vyenye mhimili wima vilisaga nafaka kwa karne nyingi, na baadhi yavyo vingali vimesimama.

Mitambo ya kisasa ilibuniwa katika miaka ya 1920 na wahandisi wawili. Wa kwanza ni Sigurd Savonius wa Finland, ambaye mtambo wake unafanana na pipa lililopasuliwa katikati kisha nusu zake mbili zikasogezwa kando. Upepo huingia katika uwazi wa nusu moja na kuisukuma.

Wa pili ni Georges Darrieus wa Ufaransa, aliyepewa hataza ya Marekani mwaka wa 1931. Mapanga yake ni membamba na hufanya kazi kama bawa la ndege, yakivutwa na hewa inayopita juu yake badala ya kusukumwa tu.

Faida

Bendera hufuata upepo, nao mtambo wa mhimili mlalo hauna budi kufanya vivyo hivyo. Ni lazima ugeuzwe kila mara upepo unapobadili mwelekeo. Mtambo wa mhimili wima hupokea upepo kutoka pande zote bila kugeuka, jambo linalopunguza vifaa vinavyoweza kuharibika.

Aidha, jenereta na vyuma vizito huweza kuwekwa chini, karibu na ardhi. Fundi hahitaji kupanda mlingoti ili kuvikagua.

Isitoshe, mapanga ya mitambo mingi ya aina hii huzunguka kwa kasi ndogo, hivyo kelele hupungua. Mtambo wa Savonius nao huanza kuzunguka hata kwa upepo hafifu, na fundi wa kawaida wa kuchomelea vyuma anaweza kuuunda kwa pipa la mafuta.

Vilevile, mitambo hii huweza kusimikwa kwa kukaribiana. Mwaka wa 2011, mtafiti John Dabiri wa Marekani alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba ikipangwa jozi jozi, huku kila mmoja ukizunguka kinyume cha mwenzake, huweza kutoa umeme mwingi zaidi kwa kila mita mraba ya ardhi kuliko mashamba ya kawaida ya upepo.

Kasoro

Kasoro kuu ni uhaba wa umeme unaopatikana. Kanuni za fizikia haziruhusu mtambo wowote kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu za upepo. Mitambo bora ya mapanga matatu hufikia kati ya asilimia 40 na 50. Ile ya Darrieus hukaribia asilimia 30 hadi 40, ilhali ya Savonius aghalabu haipiti asilimia 20. Sababu moja ni kuwa wakati upande mmoja unasukumwa, upande wa pili unarudi ukipingana na upepo.

Hali kadhalika, mtambo wa Darrieus mara nyingi hauwezi kuanza kuzunguka wenyewe. Huhitaji kusukumwa kwa mota.

Kasoro nyingine ni uchakavu. Katika kila mzunguko, panga hupigwa na upepo upande huu kisha upande ule, na chuma kinachopindwa hivyo mamilioni ya mara hatimaye hupasuka. Kampuni ya FloWind ilisimika mamia ya mitambo hii katika jimbo la California miaka ya 1980. Mapanga ya alumini yalianza kupasuka, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka wa 1997.

Nchini Canada, mtambo mkubwa uitwao Éole, wenye urefu wa mita 110, ulisimikwa Cap-Chat, mkoani Quebec. Uliacha kazi mwaka wa 1993 baada ya beringi yake ya chini kuharibika. Beringi hiyo ndiyo hubeba uzito wote, na kuibadilisha ni sharti mtambo mzima uinuliwe. Leo Éole ni kivutio cha watalii.

Hesabu kabla ya kununua

Nguvu za upepo huongezeka mara nane kasi yake inapoongezeka maradufu. Kwa hivyo mtambo uliowekwa chini, ambako miti na majumba huzuia upepo, hupoteza zaidi ya unavyookoa kwa kukosa mlingoti.

Chukua mtambo wenye kimo cha mita 2 na upana wa mita 1. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipita hapo huwa na nguvu za takriban wati 150. Mtambo ukinasa asilimia 30, mnunuzi hupata wati 45 hivi, zinazotosha taa chache na kuchaji simu. Katika nyanda za juu kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, hupata pungufu ya hapo.

Anayeambiwa kwamba mtambo wa kadiri hiyo hutoa kilowati moja na aulize ni kwa upepo wa kasi gani. Hata upepo ukivuma kwa mita 12 kwa sekunde, kasi isiyopatikana kila siku katika sehemu nyingi, hautafika hapo.

Ni busara basi kupima upepo wa mahali kwa muda wa mwaka mmoja, kuulizia vipuri, na kulinganisha bei na ile ya paneli za sola. Mtambo wa mhimili wima una nafasi yake, hasa penye upepo mwingi unaobadilika-badilika na mahitaji madogo ya umeme. Anayetarajia uendeshe jokofu au pampu ya maji afanye hesabu hiyo kwanza, kabla ya kutoa akiba yake.